Ubeti ni Nyumba: Mshairi wa Ihumwa na Kiingilio cha Mgeni

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani imezoeleka desturi ya wakaazi wa mtaa wenye nyumba za kale kufungua milango yao kwa siku moja au mbili katika mwaka. Wageni hununua tiketi, hupokewa mlangoni, hupitishwa chumba hadi chumba, na mapato hupelekwa kwenye jambo la kheri: skuli ya mtaa, maktaba, au matengenezo ya majengo yenyewe. Huko Virginia, Marekani, nyumba na bustani za zamani zimekuwa zikifunguliwa namna hiyo tangu mwaka 1929. Pwani ya Waswahili nayo inajua kumpokea mgeni kwa kiingilio. Mjini Lamu ipo nyumba ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, na mgeni huonyeshwa zidaka za ukutani na vyumba vinavyofuatana kutoka kikao cha wageni hadi faragha ya ndani. Unguja, kasri la Beit al-Sahel lilifanywa makumbusho mwaka 1994. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001.

Ziara ya nyumba, ikitazamwa vyema, ni utungo. Ina mwanzo na mwisho. Ina mpangilio wa nini kitangulie na nini kifuate. Ina mahali pa kusita na mahali pa kupita haraka. Ina mengi yanayosemwa na mengi zaidi yanayofichwa. Msimulizi wake huchagua mlango wa kufungua na mlango wa kuacha umefungwa. Kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kama shairi linavyohakikiwa, na Mswahili ana sababu ya ziada ya kufanya hivyo. Neno ubeti limetokana na neno la Kiarabu *bayt*, ambalo maana yake ni nyumba, na ndilo neno lile lile lililo katika majina ya Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib. Waarabu walipotafuta jina la kipimo cha shairi lao, walichukua jina la maskani. Mizani ikawa upana wa chumba, vina vikawa nguzo, na maana ikawa mwenye nyumba anayeishi ndani.

Ziara ya nyumba iliyo kubwa kuliko zote katika fasihi ya Kiswahili si ya makumbusho yoyote. Ni ile iliyomo katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anaushika mkono moyo wake, anauongoza katika nyumba za matajiri wa Pate, na kuutaka utazame. Hapa palikuwa na taa, sasa pana giza. Zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kaure zimekuwa viota vya ndege. Penye mazungumzo sasa popo na buibui ndio wenyeji. Ubora wa utungo huu hautokani na huzuni peke yake. Unatokana na mpangilio: mshairi hatangulizi fundisho, bali hutembeza. Anaacha kila chumba kitoe ushahidi wake, na moyo, ambao ndio mgeni, haupewi nafasi ya kubaki mtazamaji. Kiingilio cha ziara hiyo ni kukubali kuulizwa na wewe utakaa wapi.

Hapo ndipo ziara nyingi za kileo zinapopungukiwa. Mgeni hulipa ili astaajabie mlango uliochongwa, haulizwi chochote. Haambiwi kwamba chokaa na mawe ya nyumba nyingi za fahari za pwani vilibebwa na watumwa, kama vile mgeni wa majumba ya zamani ya Virginia alivyokuwa, kwa miaka mingi, haambiwi ni nani waliopika katika jiko alilotembezwa. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Ziara za namna hii zimetufundisha kwamba nyumba ya kihistoria ni nyumba ya jiwe. Palipo jiwe pana historia, na palipo udongo pana watu tu. Kipimo hiki kikikubaliwa, sehemu kubwa ya Tanzania haina nyumba ya kumwonyesha mgeni. Mahali pazuri pa kukijaribia kipimo hicho ni Ihumwa.

Ihumwa iko upande wa mashariki wa Dodoma, katika njia inayotoka Morogoro, kwenye uwanda wa kati wenye mvua chache na kiangazi kirefu. Ni nchi ya Wagogo, na nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe. Tembe hujengwa kwa miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo. Paa lake ni la bapa, miti na matawi yaliyotandazwa kisha kufunikwa udongo. Ni nyumba fupi, mtu mrefu huinama kuingia. Vyumba hupangwa kuzunguka ua, na ng'ombe hulala katikati usiku, wakilindwa na kuta zile zile zinazomlinda mtoto. Katika mji wa mume mwenye wake wengi, kila mke alikuwa na sehemu yake. Kwa hiyo tembe ilikuwa nyumba, zizi na ngome kwa pamoja, na mwenye jicho la kusoma angeweza kuusoma ukoo mzima kwa kuzunguka ua mmoja.

Tembe haikujengwa idumu karne. Paa la udongo hudai kuhudumiwa kila mwaka, na likiachwa, mvua za misimu michache hulirudisha ardhini. Wagogo walikuwa watu wa kuhama. Ukame ulipozidi, walifuata majani na maji, wakajenga kwingine. Anayetafuta magofu hapo hatayapata. Kilichobaki mahali pa ukuta ni majina ya mahali, nasaba za koo, na habari za njaa zilizopewa majina kama watu wanavyopewa.

Watu wa pwani walizifahamu nchi hizi zamani kuliko wanavyokumbuka. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ililazimika kupita Ugogo, na kupita huko kulikuwa na gharama. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani vitambaa, waya na ushanga, kabla ya msafara kuruhusiwa kuendelea na kuteka maji. Wasafiri waliandika habari za hongo hiyo kwa manung'uniko mengi. Lakini katika nchi kame, kisima ni kazi ya mikono ya wenyeji, na mgeni mwenye wapagazi mia kadhaa anaweza kukikausha kwa siku chache. Hongo, kwa jicho hilo, ilikuwa kiingilio. Mwenyeji alikuwa na kitu, mgeni alikihitaji, na bei ilitajwa na mwenyeji.

Linganisha hali hiyo na tembe mashuhuri kuliko zote nchini Tanzania. Hiyo ni tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, iliyojengwa upya na kuhifadhiwa kuwa makumbusho. Sababu ya umaarufu wake ni kwamba David Livingstone alikaa humo mwaka 1872, baada ya kuagana na Stanley, akisubiri wapagazi wa safari yake ya mwisho. Hapana ubaya kuihifadhi nyumba hiyo. Lakini msomaji na ajiulize: katika maelfu ya tembe zilizowahi kujengwa katika uwanda huo, iliyopata jina ni ile aliyolala mgeni. Udongo ulihesabiwa kuwa historia ulipoguswa na mtu kutoka ng'ambo.

Ihumwa nayo ina mtu wake, tena mtu wa nyumbani. Mathias Eugen Mnyampala alizaliwa huko mwaka 1917. Mwaka huo si wa kupitwa hivi hivi, kwani ndio ulioanza njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoendelea mpaka mwaka 1920. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo; ukame ulipokuja, haukukuta akiba. Aliyezaliwa Ugogo mwaka huo alizaliwa katika nyumba inayomwagika. Na mtoto huyo, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo, alikuja kuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili cha kizazi chake, mtumishi wa serikali na hakimu, na mwenyekiti wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Ufupisho wa jina la chama hicho ni UKUTA.

Kazi yake ya mwaka 1954 juu ya historia, mila na desturi za Wagogo inafaa kusomwa kama tembe aliyoijenga kwa maneno. Habari za koo, watemi na kuhamahama zilikuwa zikikaa katika vinywa vya wazee. Yeye alizikusanya akazizungushia ukuta wa Kiswahili, lugha ambayo si ya mama yake wala ya mtawala. Uamuzi huo una faida na gharama. Faida ni kwamba Mgogo alipata kusomwa Unguja na Tanga. Gharama ni kwamba aliyetaka kuingia kwa lugha ya nyumbani hakukuta mlango wake. Mnyampala mwenyewe hakuwa mtu wa kusahau gharama: tawasifu aliyoiandika karibu na mwisho wa maisha yake, ikachapishwa mwaka 2013, aliipa jina *Maisha ni Kugharimia*.

Katika ushairi alifanya jambo gumu zaidi. Utenzi ulilelewa na masheikh wa Pate, Lamu na Mombasa. Ulikuwa nyumba ya dini ya Kiislamu tangu msingi wake. Mnyampala, Mkristo wa bara, aliingia humo na *Utenzi wa Enjili Takatifu* mwaka 1963. Hakubomoa kitu. Mizani aliiacha ilivyo, vina akaviacha vilivyo, ila vyombo alivyoingiza vilikuwa vyake. Wako wasomaji wa pwani ambao mpaka leo husema kwamba Kiswahili chake kina ugumu wa mtu aliyejifunza, kwamba kanuni zinaonekana kama miti ya paa isiyofunikwa vyema. Ukosoaji huo una kweli ndani yake. Mara nyingi Mnyampala huwa mwaminifu kwa hesabu ya mizani kuliko kwa mwendo wa pumzi. Lakini uaminifu huo ni wa mgeni anayevua viatu mlangoni. Mwana wa nyumba anaweza kuivunja desturi kwa sababu hakuna anayemshuku. Mgeni huishika kwa mikono miwili.

Mchango wake mkubwa ni ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walitakiwa kulieneza, naye akaitumia bahari hii ya majibizano, ambamo wasemaji wawili au zaidi hushindana kwa beti mpaka mmoja anashawishika. Vitabu viwili vya *Ngonjera za UKUTA* vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1969. Wahakiki hawakuziachia ngonjera zipite bure. Walisema kwamba si tamthilia kamili, kwa kuwa asiyejua huwekwa pale ili ashindwe. Kwamba mwisho unajulikana tangu ubeti wa kwanza. Kwamba ushairi umefanywa tarumbeta ya siasa. Kizazi kilichofuata, kile cha *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, kilitoka kabisa katika nyumba ya vina na mizani.

Hukumu hiyo ni sahihi kwa vitabu, lakini haitoshi kwa maisha ya ngonjera. Ngonjera ilihama kitabuni ikahamia skuli, na huko ndiko ilikoishi. Hapana Mtanzania aliyesoma skuli ya msingi asiyewahi kuwaona watoto wamesimama mistari miwili mbele ya mgeni rasmi, wakijibizana kwa beti, mikono ikinyanyuka kwa pamoja. Na hapa pametokea jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Utungo uliozaliwa kufundisha kujitegemea umegeuka, katika sherehe nyingi, kuwa utungo wa kuomba. Msemaji wa kwanza husifu skuli. Wa pili hutaja upungufu wa madawati, vyoo, nyumba za walimu. Kisha wote humgeukia mgeni rasmi. Baada ya ngonjera husomwa risala, na baada ya risala hutangazwa ahadi.

Watoto na walimu si wa kulaumiwa kwa hilo. Zanzibar ilitangaza elimu bure mwaka 1964. Tanzania Bara iliondoa ada ya skuli za msingi tena mwaka 2002, na ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ikaondolewa mwaka 2016. Lakini ada ikiondoka, ukuta bado unahitaji matofali. Skuli za kata zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya michango na nguvu za wanavijiji waliochimba msingi, wakasomba mchanga na maji. Swali la fedha za skuli limebaki, na ngonjera imekuwa namna yake ya kuulizwa kwa adabu. Kasoro ni ile nafasi anayopewa mtoto. Anasimama katika lugha ya mshairi wake, lakini anasimama kama mwombaji mbele ya kiti cha mtu mwingine.

Hapa ndipo desturi ya ziara ya nyumba inapoweza kufaa, ikichukuliwa kwa akili ya Ihumwa na si kwa kuigizwa. Lau skuli ya huko ingeamua siku moja katika mwaka kuwatembeza wageni kwa kiingilio, isingekuwa na mlango wa kuchonga wa kuonyesha, wala isingehitaji. Ingekuwa na mzee wa kueleza jinsi paa la udongo linavyotandazwa na kwa nini ng'ombe walilala katikati. Ingekuwa na mahali alipozaliwa mshairi, hata kama pamebaki jina tu. Ingekuwa na habari ya Mtunya, inayoeleza kwa nini hapana magofu. Na waongozaji wangekuwa wanafunzi, wawili wawili, kwa ngonjera. Umbo la ngonjera lingepata humo kile ambacho jukwaa liliinyima. Yule msemaji asiyejua, aliyewekwa na Mnyampala ili ashindwe kwa hoja, safari hii angekuwa mgeni mwenyewe, na ujinga wake usingekuwa wa kuigiza. Mtoto asingeomba. Angekuwa na kitu, mgeni angekihitaji, na bei ingetajwa na mwenyeji, kama zamani kisimani.

Jambo hili lina hatari zake. Ziara ya nyumba za matajiri huonyesha mali yao. Ziara ya nyumba za wanyonge huweza kuonyesha unyonge wao, na tiketi ikawa bei ya kuchungulia. Tembe imeshatukanwa vya kutosha. Katika miaka ya vijiji vya ujamaa, ambavyo Dodoma ilitangulia kuvipokea mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwekwa upande wa mambo ya kale ya kuachwa, kinyume cha nyumba bora ya matofali na bati. Kuigeuza leo kuwa kiroja cha watalii kungekuwa kuitukana mara ya pili kwa sauti ya upole. Kinga ya hatari hiyo ni ile aliyoijua mshairi wa Al-Inkishafi: mgeni asiruhusiwe kubaki mtazamaji. Kila nyumba na iulize. Wewe uliyekuja, baba zako walipita hapa wakanywa maji ya nani? Nyumba ya bibi yako iko wapi leo?

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa miaka mingi kama shairi lisilo kituo, kisha ukatekelezwa kwa kasi kuanzia mwaka 2016. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa, na ofisi zake zilizinduliwa mwaka 2019. Mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kufika Dodoma. Mahali palipokuwa nje ya mji sasa pamo ndani ya Jiji la Dodoma, ardhi inapimwa viwanja, na saruji na bati ndivyo vinavyojenga. Wageni wa Ihumwa wataongezeka kila mwaka, wengi wao wakienda ofisini bila kujua kwamba wanapita katika nchi ya mtu aliyewafundisha kujibizana kwa beti.

Kwa wapenzi wa ushairi wa visiwani na mwambao, suala hili lina deni ndani yake. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu mwezi Disemba mwaka 2020, na watu wakafa chini ya mawe yake. Pwani imejifunza kwa machungu kwamba jiwe nalo huanguka likiachwa. Ikiwa ndivyo, haina haki ya kuidharau tembe kwa sababu ya udongo wake, wala kumsoma Mnyampala kama mpangaji. Utenzi aliouchukua kutoka Pate aliurudisha ukiwa na chumba kimoja zaidi, na ngonjera aliyoiwacha inasemwa na watoto wa Unguja na Pemba pia, katika skuli zao, mbele ya wageni rasmi wao. Kiingilio cha kwanza kinachodaiwa na Ihumwa ni kufungua vitabu vyake na kuvisoma kwa ukali ule ule unaotumika kwa washairi wa nyumbani. Madawati yatafuata baadaye, na yatakuwa yamelipiwa na mtu anayejua ameingia nyumba ya nani.